Mama Sikio, Fundi Anayesikia kwa Ajili ya Wawili

Jua la asubuhi limeshaanza kuchoma, boneti ya pikapu kuukuu iko wazi na injini inanguruma. Mama Sikio ameinama juu yake. Ncha ya bisibisi ndefu imegusa chuma, mpini ameubana sikioni. Amefumba macho. Mwenye gari anataka kueleza jambo, ananyamazishwa kwa kidole kimoja.

Anahamisha bisibisi mara kadhaa. Kisha anamgeukia mumewe, anashika kiganja chake na kukikwaruza kwa kucha, taratibu halafu upesi, akiiga mlio aliousikia.

"Beringi ya pampu ya maji," anasema mume, kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe.

Mkewe anaitikia kwa kichwa. Spana zinatoka.

Ndivyo gereji hii inavyokwenda: mke anasikia, mume anafungua. Kwa wiki hupokea magari saba hivi, mengi yakiwa na umri mkubwa kuliko madereva wake.

Mume ni fundi wa zaidi ya miaka thelathini. Mashine za kusagia chuma zilimla masikio kidogo kidogo, na kwa muda mrefu hakutaka mtu ajue. Mkewe alikuwa mshonaji, cherehani yake ikiwa katika chumba cha mbele cha gereji hiyohiyo. Kutwa nzima alishona huku injini zikimwimbia ukutani.

"Cherehani ikianza kulalamika, unajua kabla haijakata uzi," anasema. "Injini nayo ni hivyo hivyo, ila ina kifua kikubwa."

Alikuwa wa kwanza kugundua kwamba magari yalikuwa yakiondoka na milio ileile yaliyokuja nayo. Wateja wakaanza kupungua. Hakusema kitu, mpaka siku alipokuja muuza maziwa na gari lake la dizeli lililokuwa likigonga kama mtu aliyefungiwa ndani.

Mafundi wawili walikuwa wameshamwambia injini ishushwe na kufunguliwa yote. Mumewe aliposhika boneti na kuhisi mtikisiko, naye akasema vivyo hivyo. Muuza maziwa, aliyekuwa analisha nyumba nzima kwa gari hilo, akasema hana fedha za kazi hiyo, basi ataliuza kama chuma chakavu.

Mshonaji akainuka na futi yake shingoni. Akamwomba mumewe alegeze mabomba ya nozeli yanayopeleka mafuta kwenye silinda, moja baada ya jingine, injini ikiwaka. Kama ubovu ungekuwa kwenye pistoni, mlio ungebadilika silinda husika ikikosa mafuta. Haukubadilika hata kidogo. Akafuata mlio kwa bisibisi hadi mbele kabisa, kwenye puli ya chini, gurudumu linalozungusha mkanda wa injini.

"Baba, usishushe injini," alimwambia mumewe, akimtazama usoni ili asome midomo. "Ni puli inacheza."

Ilikuwa mara ya kwanza kumpinga mbele ya mteja. Muuza maziwa anakumbuka kwamba alitamani ardhi immeze. Mume alizima injini, akaishika puli, akaitikisa. Ikacheza mkononi mwake.

"Nilikasirika kwa muda wa kufungua boliti moja," anasimulia mume leo, akicheka. "Halafu nikaona fahari. Nikamwambia muuza maziwa, huyo ndiye fundi, mimi ni mikono yake."

Puli ikabadilishwa, gari likatulia, na muuza maziwa akaeneza habari kila alikopita. Jina la Mama Sikio lilitoka kwake. Cherehani bado ipo, ila siku hizi inashona vitambaa vya viti vya magari.

Mama Sikio sasa amemshawishi mumewe akapimwe masikio. Amekubali baada ya kubembelezwa miaka miwili, na watakwenda hospitali mwezi ujao.

"Ametengeneza injini nyingi ambazo hajawahi kuzisikia zikiwa zimepona," anasema, akifuta bisibisi kwa kitambaa. "Wakimpa kifaa cha kusikia, siku hiyo nitamwashia gari moja lililotulia vizuri, nimkalishe karibu. Asikie tunachofanya."