Taa Hafifu ya Wangwe

Wangwe alizungumza kwa sauti ya juu hata akiwa chumbani na mkewe, na msimlaumu. Kazi yake ilikuwa kuendesha mashine ya kusaga unga wa posho pale Migori, na mtu akishinda kando ya mashine ile mwaka baada ya mwaka, akirudi nyumbani huona kila mtu ananong'ona. Kwa hiyo haya ninayowasimulia, majirani wa ploti nzima ya vyumba vya kupanga waliyasikia kabla yangu.

Ilikuwa mwaka mmoja kabla ya mvua ile ya El Nino. Kwao Wangwe ni Kegonga, na huko kuna chemchemi ambayo marehemu mama yake alikuwa akiteka maji. Juu yake palikuwa na miti mikubwa, chini ya miti kivuli cha baridi, na ndani ya maji, juu ya mawe, yaliota makangaga: majani membamba yenye umbo la kitana, yaliyong'ang'ania jiwe kama mtoto mgongoni. Kisha tumbaku ikaingia. Tumbaku hukaushwa kwa moto, moto hutaka kuni, na kuni ndiyo hiyo miti. Siku Nchagwa, kaka yake mkubwa, alipokata mti wa mwisho, jua lilipata njia. Utelezi wa kijani ukafunika mawe yote, makangaga yakaoza. Wangwe aliwahi kuokoa jiwe moja tu lililokuwa bado na majani, akalibeba ndani ya debe la maji mpaka Migori.

"Niachie ukingo wa chemchemi nipande miti," alimwambia Nchagwa. "Nitayarudisha."

Nchagwa alicheka. "Majani yenyewe hayaliwi, hayauzwi. Haya. Mvua ndefu ikianza nitakuja kwako. Nikiyakuta hai, tutazungumza. Nikiyakuta yamekufa, nalima mpaka majini."

Fundi wa vioo vya madirisha alimtengenezea sanduku la kioo la kuwekea jiwe lile. Benta, mkewe, mzaliwa wa kisiwa cha Mfangano, akatia ndani fulu wachache, wale samaki wadogo wa ziwani, ambao ndugu yake alimletea wakiwa hai ndani ya mtungi.

"Maji bila samaki ni karai tu," alisema Benta. "Na siku tukikosa mboga, najua pa kwenda."

"Jaribu uone," Wangwe alijibu, na jirani wa chumba cha tatu akacheka kutoka kwake.

Sasa, chumba chao kilikuwa kimoja, na dirisha lake lilitazama ukuta wa ploti nyingine. Mchana pale ndani ulikuwa kama jioni. Baada ya muda Wangwe aliona majani yamepauka kidogo, akaingiwa na wasiwasi. Akamuuliza yule fundi wa vioo, na fundi hakusita: mmea ni mwanga, ongeza mwanga. Mwenye ploti aliruhusu taa moja tu kwa kila chumba. Wangwe akatoa balbu yao ya kawaida, akafunga taa ile ndefu nyeupe, tyubu, akaiteremsha kwa waya mpaka karibu na maji. Chumba kikang'aa kama benki. Benta, ambaye alikuwa akishona sare za shule kwa cherehani yake mle mle ndani, alifurahi kweli; kwa mara ya kwanza aliweza kutia uzi sindanoni bila kwenda mlangoni.

Furaha hiyo haikukaa. Utelezi ulianza pembeni mwa kioo, ukapanda jiwe, ukafika kwenye majani. Wangwe aliyapangusa moja moja kwa pamba, taratibu, mtu ambaye mikono yake ilizoea magunia. Kesho yake ulikuwa umerudi. Akapangusa tena, jani likakatika, likabaki mkononi. Akabadilisha maji. Ukarudi.

"Nimebeba jua la Kegonga nikalileta chumbani mwangu," alisema, akakaa kitandani na kushika kichwa.

Mtu mmoja pale kwenye mashine akamwambia kwamba kule Homa Bay kuna hoteli yenye sanduku kubwa la samaki mapokezi, na majani yake ni mabichi ajabu, hayana doa. Wangwe akaomba ruhusa, akaenda. Kweli, majani yalikuwa yanapendeza. Alisimama mbele ya kioo kile kama mtu aliye kanisani, kisha akamgeukia msichana wa mapokezi, Terry.

"Dada, hapa mnatumia taa ya namna gani?"

"Hiyo hiyo unayoiona."

"Na utelezi hauyashiki majani? Mnafanyaje?"

"Tunayatoa kila Jumamosi, tunayaosha kwa sabuni."

"Sabuni? Na hayafi?"

Terry alimtazama kwa huruma. "Mzee, hiyo ni plastiki."

Wangwe hakunywa hata soda.

Hata hivyo safari ile ilimpa wazo, maana njia nzima alikuwa akiwaza kwa hasira. Chemchemi ilikuwa na kiza na makangaga yalistawi. Basi alichohitaji si taa kali, ni taa hafifu. Asubuhi yake akaingia katika duka la vifaa vya umeme la Noordin, mfanyabiashara aliyekuja kutoka pwani na kukaa Migori mpaka akasema Dholuo kama Mjaluo. Duka lilikuwa limejaa wateja, na Wangwe, kwa sauti yake ile ya mashine, akauliza:

"Bwana Noordin, una taa hafifu?"

Wateja wote wakageuka. Noordin aliweka koleo chini.

"Hapa kwangu, ndugu yangu? Umeona kitu gani hafifu hapa? Sema mbele ya hawa."

"Sijaona. Ndiyo nauliza kama unazo."

"Sina. Wala sitakuwa nazo. Vitu hafifu viko pale nje, vimetandikwa chini, ukifika nyumbani vimeungua. Mimi nauza vitu imara."

"Imara iwe, lakini mwanga uwe hafifu."

"Watu wanakuja hapa kunigombeza kwamba taa haiwaki vizuri," alisema Noordin akiwageukia wateja, "na huyu anataka isiyowaka vizuri, tena mpya."

Walicheka mpaka mama mmoja akashika kaunta. Wangwe alibaki pale, jasho likimtoka, akieleza habari ya jiwe, ya chemchemi, ya kaka yake. Noordin alilainika. Akapekua rafu ya juu, akatoa balbu ndogo yenye vumbi. Ilikuwa nyekundu.

"Hii ndiyo yenye wati chache kuliko zote. Nyeupe ya namna hii hainunuliwi." Akasita. "Utaiweka wapi?"

"Nyumbani."

"Mkeo anajua?"

"Anajua yote," alisema Wangwe, akaenda zake.

Benta hakujua chochote. Alishona jioni ile chini ya balbu nyekundu akinung'unika, na asubuhi alipotoka mlangoni na kazi yake aliona kola nyeupe imezungushiwa uzi mwekundu, maana katika mwanga ule nyekundu na nyeupe zilikuwa kitu kimoja. Akafumua kola nzima, akaanza upya.

Lakini kilichomaliza mambo ni hodi. Siku iliyofuata, chakula kikiwa bado jikoni, mwanamume aliyevaa koti alisukuma pazia la mlango kidogo, akaona mwanga mwekundu kama wa baa, akatabasamu.

"Mama, uko na baridi?"

"Baridi gani?"

"Ya chupa. Ama hapa mnauza ile ya kupima?"

Benta alisimama na mkasi wa kushonea mkononi. "Hapa ni kwa watu. Kinywaji kilichoko ni maji ya fulu. Nikupimie?"

Yule mtu aliondoka, lakini hakuwa wa mwisho. Kabla ya kulala walikuwa wamefukuza mwingine, tena huyu alikuwa mzee wa kanisa la Benta, na sijui ni nani aliyeona aibu zaidi.

Benta alipanda juu ya kiti mwenyewe, akachomoa balbu nyekundu, akarudisha ile ya zamani juu ya cherehani yake.

"Mume wangu, nikuulize. Kule chemchemi kwenu, nani alikuwa amefunga taa?"

"Hakuna."

"Palikuwa na nini?"

"Kivuli."

"Sasa wewe unanunua kivuli dukani?" Akainama, akashika upande mmoja wa sanduku. "Shika huko."

Walilisogeza chini ya meza ya cherehani, ukutani kabisa, mahali ambapo mwanga wa balbu ulifika umechoka baada ya kupita kwenye vitambaa vilivyoning'inia. Wangwe alilalamika kwamba sasa samaki hawaonekani. Benta akasema wao walikuwa wanamwona yeye, na inatosha.

Utelezi ulipungua polepole mno. Majani mengi yalikuwa yameshaharibika, yakaanguka, na Wangwe kila akirudi kazini alilala kifudifudi sakafuni akiwa na unga mwilini, akichungulia, akiinuka amekunja uso.

Mvua ndefu ilianza, na Nchagwa akaja kweli, amevaa suruali yake ya safari.

"Karibu, shemeji," alisema Benta. "Yako chini hapo. Piga magoti."

"Si myatoe nje niyaone?"

"Hapana," alisema Wangwe. "Mwanga."

Nchagwa alipiga magoti, akanuna, akatazama kwa muda. Kwenye jiwe palikuwa na majani machache, mawili yakiwa yamechanika, na katikati yao jani jipya ambalo bado limejikunja, kijani chake kichanga.

"Haya tu?"

"Yako hai," alisema Wangwe.

Nchagwa aliinuka, akapangusa magoti, akakubali chai. "Nilisema tutazungumza, na sibadilishi. Chukua ukingo wa juu upande miti yako. Wa chini nimeshaulima."

Wangwe aliweka kikombe chini. "Jua la alasiri linaingia kwa upande wa chini. Ukingo wa juu utanisaidia nini? Ni bure."

"Basi tundika pazia."

"Nchagwa, nimehangaika na mwanga huu mpaka nimechekwa na duka zima. Usinichezee."

"Sikuchezei. Shamba ni shamba. Nitakula kivuli?"

Wangwe alitazama miguu ya cherehani. Nje mvua ilikuwa inapiga mabati kwa nguvu, na bado aliposema, ploti nzima ilisikia.

"Huko chini, migomba je? Inakua upesi, na inaliwa."

Nchagwa alifikiri. "Migomba sikatai. Lakini ndizi ni zangu."

"Nusu."

"Zangu, Wangwe. Wewe si unataka kivuli?"

Wangwe alikasirika mpaka chai ikapoa, kisha akamuuliza ni migomba ya aina gani yenye majani mapana zaidi.