Jina Nililompa Shushan

Masika ya Guangzhou huingia mpaka ndani ya nyumba. Kuta za chumba chetu zilitoka jasho, shuka zilinuka uvundo, na viatu vyangu vya shule viliota ukungu mweupe uvunguni. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nami nilikuwa na miaka tisa, nikiishi na baba katika bweni la wageni la chuo alikosomea. Mama alibaki Unguja, mjamzito, miguu imemvimba. Baba alishinda maabara. Nikitoka shule nilitembea polepole makusudi, nichelewe kufika mahali pasipo na mtu.

Aliyenifungulia mlango ni jirani yetu Shushan, mama wa Kiarmenia mwenye mvi, mjane asiye na mtoto, aliyefundisha Kirusi. Tulizungumza Kichina, changu kibovu na chake kibovu zaidi, nami nikamwita bibi. Siku moja, tukinywa chai, aliniambia kuwa jina lake maana yake ni yungiyungi. Ni la kale sana kwao, alisema, na lilipita lugha nyingi kabla ya kuwafikia. Wapo wanaolifuatilia hadi Misri ya mafirauni. Nilipomsimulia baba alicheka. "Huyo si mgeni, mwanangu. Waarabu husema Sausan, Wakristo wa bara husema Susana. Jina ni hilohilo."

Shushan alilirithi kwa bibi yake, na bibi yake kwa bibi yake. Kwao, kama kwetu, jina la bibi hubebwa na mjukuu. "Nami mjukuu sina," alisema akifuta makombo mezani. "Litakwisha na mimi."

Sikuweza kuvumilia. "Mama akizaa msichana, tutamwita Shushan."

Ahadi ile haikuwa yangu kuitoa. Mtoto yule alikuwa na jina kabla hajazaliwa: akiwa wa kike ni Mwanajuma, jina la bibi mzaa baba. Simu ilipokuja kwamba ni msichana, nilimwomba baba apewe na jina la pili. "Bibi yako asikie mjukuu wake ana jina jingine? Hebu niondolee balaa," akasema, na mazungumzo yakaishia hapo. Nikagonga mlango wa jirani. Niliogopa kwamba nikisema kweli hatanifungulia tena.

"Shushan," nikasema. "Kilo tatu na nusu."

Aliketi akalia, kisha akanikumbatia mpaka mbavu zikaniuma. Nilifurahi na kuona haya kwa pamoja. Kufika Ijumaa alikuwa amefuma kofia ya sufu, ya mtoto wa Unguja, na joto lote lile.

Tuliporudi nyumbani, kadi zake zilitufuata kila mwaka, zimeandikwa jina la Shushan mdogo juu ya bahasha. Nilizijibu mimi. Mwaka wa kumi na moja ikaja barua ya mpwa wake badala ya kadi: shangazi amefariki, na mpaka siku za mwisho alikuwa akiwaambia wauguzi kwamba jina la bibi yake limebaki Afrika.

Siku hizi wanangu wawili, wavulana wote, huongea na watu wa dunia nzima kwa simu wakiwa kitandani, na hawajui jioni ndefu kama zile zangu. Mimi nina simu kama yao na sina wa kumpigia nikaungama. Mwanajuma hadi leo hajui. Shushan pekee aliyepata kuishi Unguja ni mimi, mara moja kwa mwaka, kwa kalamu.