Kilo Mia Tatu na Hamsini Mbele ya Kwaya

Naomba niseme mapema, kabla hamjasikia habari hii kwa shemeji yangu Milembe, ambaye huongeza chumvi: ni kweli nililaza tela katikati ya njia ya mizani, ni kweli kwaya nzima ilishuka kwenye basi kuja kunisukuma, na ni kweli hakuna aliyenilazimisha kuingia pale. Niliingia kwa hiari yangu, tena nimewasha indiketa.

Mimi niliishia darasa la saba. Mengine yote, pampu za maji, umeme wa jua, hesabu za uzito wa magari, nimejifunza kwenye vitabu vya mafundi nikiwa na kamusi pembeni, na sioni haya kusema kwamba pale Nyahanga mtu akitaka kujua kitu fulani kinabeba kiasi gani, huja kwangu. Kwa hiyo niliponunua lile tela la kulala kutoka kwa wapima miamba waliokuwa wanafunga kambi yao upande wa Geita (lina vitanda viwili, jiko dogo, tangi la maji na, sikilizeni hili, choo cha kukalia chenye mlango wake), sikulifunga nyuma ya pikapu nikaondoka kama ambavyo wengi wangefanya. Nilisoma kibati cha kwenye nguzo ya mlango wa gari, nikasoma kibati cha tela, nikaandika kwenye daftari. Gari tupu, kilo elfu mbili. Gari na kila kilichomo, lisizidi elfu mbili mia tisa. Linaweza kuvuta hadi elfu mbili mia tano. Tela likiwa na maji yake, elfu moja mia tisa. Nikapiga mstari chini ya hesabu: linafaa.

Choo ndicho kilichonifanya nilinunue. Mama yangu alivunjika nyonga, hawezi kuchuchumaa, na tangu hapo amekuwa hatoki nyumbani kwangu kwenda mahali pasipo na choo cha kukalia. Sasa mtoto wa dada yangu alikuwa amepata upadre, na Misa yake ya kwanza ilipangwa kijijini kwao, mbele kidogo ya Ushirombo, saa nne asubuhi. Mama ndiye aliyemlea yule mtoto tangu anaachishwa ziwa. Lakini alikuwa amekwisha kutuambia, "Mnisalimie. Mimi siendi kujiaibisha mbele ya watu." Nikamjibu, "Mama, choo kitakwenda na wewe." Akamtuma mke wangu akamtafutie kitenge kipya.

Basi, siku ya safari, saa kumi na mbili asubuhi, majirani na watu wa jumuiya wakaleta matoleo ya kumpelekea padre mpya: magunia sita ya mahindi. Nikayapakia nyuma ya pikapu, nikaandika, sita mara mia moja, kilo mia sita. Watu wanne ndani, mimi, mama, mke wangu Mama Kulwa na mdogo wake Milembe, kilo mia mbili themanini. Jumla mia nane themanini, na gari linaruhusu mia tisa. Nilibakiza kilo ishirini! Nikawasomea wote pale uani, kwa sauti.

Milembe akaliangalia gunia la juu, akaniangalia na mimi. "Shemeji, haya umeyapima au umeyahesabu?"

"Gunia ni kilo mia," nikamwambia. "Hilo linajulikana nchi nzima."

"Haya, injinia."

(Yalikuwa lumbesa. Niliyaona kwa macho yangu: yameshonewa kilemba juu hadi yanashindwa kusimama, kwa sababu gunia la matoleo hupita mbele ya altare watu wote wakilitazama, na hakuna mama wa Nyahanga atakayekubali gunia lake lionekane limebonyea kichwani. Niliyaona, nikayasifu, nikaandika mia.)

Gari lilikwenda vizuri, isipokuwa usukani ulikuwa mwepesi kidogo, na mimi nikasema wepesi huo ni uzuri wa lami. Saa moja na nusu tukafika kwenye mizani ya barabarani. Binti mmoja mwenye fulana ya kung'aa alikuwa anaelekeza malori na mabasi yaingie, na sisi akatupungia mkono tupite. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Nilitaka Milembe aione hesabu yangu ikisomwa na chombo cha serikali. Nikakata kona, nikaingia.

"Shikamoo, mzee," binti akasema. "Wewe nimekuruhusu upite."

"Marahaba. Najua. Nataka kupima kwa faida yangu." Nikampa daftari dirishani. "Utaona hapo, pikapu haitazidi elfu mbili mia tisa."

Akatabasamu, akanielekeza nisimamishe magurudumu ya pikapu peke yake juu ya mizani. Akatazama kioo chake. Akatazama daftari. Akatazama kioo tena.

"Mzee, mizani inasema elfu tatu, mia mbili na hamsini."

"Rudia kupima."

Akarudia. "Elfu tatu, mia mbili na hamsini. Sasa mimi kwa upande wa barabara sina neno na wewe, lami yangu inakuvumilia. Ila hili daftari lako linasema umezidisha kilo mia tatu na hamsini. Umejikamata mwenyewe."

Milembe alicheka hadi akashika dashibodi. Mke wangu, ambaye ni mpole, alitazama nje upande wa pili. Mama akauliza kutoka kiti cha nyuma, "Mizani imesemaje?"

"Imesema tuna mzigo mkubwa, mayu."

"Basi shusha."

Ningeweza kuendelea na safari. Binti alikwisha kusema hana neno. Lakini miaka yote nimekuwa nikiwasema watu wanaozidisha mizigo, na ule usukani mwepesi sasa nilielewa ulikuwa unaniambia nini: nyuma pamelemewa, mbele pameinuka, na ndani amekaa mama yangu. Nikasema nitashusha. Binti akanionyesha uwanja wa pembeni, nyuma yangu, akasema, "Rudi nyuma kidogo tu."

Jamani. Katika vitabu vyote nilivyosoma kuhusu tela, sura ya kurudi nyuma niliiruka, kwa kuwa nilipanga kwenda mbele. Nilikata usukani kushoto, tela likaenda kulia. Nikakata kulia, likazidi kujikunja, na nilipokata mara ya tatu lilikuwa limelala kuvuka njia yote, gari likitazama huku na tela likitazama kule, na ndipo nyuma yetu likaingia basi. Na basi lenyewe (mtasema natunga) lilikuwa limebeba kwaya ya parokia yetu wenyewe, wanakwenda Misa hiyohiyo, wamevaa sare za zambarau. Nyuma ya basi, malori mawili. Honi zikaanza.

Mwalimu Petro, kiongozi wa kwaya, akashuka. "Baba Kulwa! Huyu si ndiye aliyetuambia tusijaze watu kwenye basi?"

"Ndiye," Milembe akamjibu kabla sijafungua mdomo. "Leo anafunga barabara kabisa, asijaze mtu yeyote."

Wakashuka wote. Soprano wakajipanga pembeni kama wanaosubiri noti, na mmoja akaanzisha kupiga makofi. Mwalimu Petro akaamua tela lifunguliwe, lisukumwe kwa mikono. Tukafungua kiungio, wanaume sita wa sauti ya nne wakaushika mkono wa tela, wakahesabu hadi tatu, wakainua huku wakiguna, na mkia wa pikapu ukaruka juu kama mtu aliyetuliwa mtungi.

Nilisimama nikitazama ule mkia. Tela lina magurudumu yake, kwa hiyo nilikuwa nimelihesabu kama kitu cha kuvutwa tu, wakati kumbe ule mkono wake ulikuwa umeegemea gari langu tangu Nyahanga kama abiria ambaye sikumwandika. Nikaomba uwekwe peke yake juu ya mizani. Kilo mia moja tisini. Kisha gunia moja: mia moja thelathini. Sita mara thelathini, mia moja themanini, toa zile ishirini nilizojisifia, jumlisha mkono, na pale pale, huku honi zikilia, hesabu ikatimia hadi kilo ya mwisho. Mia tatu na hamsini. Nikaiandika. Mtanicheka, lakini nilifurahi.

Wakati huo mama alikuwa ameshuka. Alitembea polepole na fimbo yake, akapita katikati ya kwaya, na kwaya ikampisha. Akafika kwenye tela, ambalo lilikuwa bado limekaa mshazari, akapanda ngazi zake mbili akiwa ameshikwa mkono na mke wangu, akaingia, akafunga mlango. Watu wakanyamaza. Hata lori la nyuma liliacha honi. Baada ya muda tukasikia maji, kisha mama akatoka, akajitengeneza kitenge, akatushukuru kwa Kisukuma, "Wabeja. Sasa sukumeni."

Walisukuma. Magunia matatu yakaingia kwenye buti la basi (nilimwomba Mwalimu Petro alipime basi tena, akaniambia nisizidishe), nasi tukapima upya: elfu mbili, mia nane na sitini. Niliona binti wa mizani akiandika kitu mkononi, nikamuuliza ni nini. "Hiyo ya mkono wa tela," akasema. "Sikuwahi kuifikiria."

Tulifika saa nne kasoro dakika kumi. Habari zilikuwa zimetutangulia, maana basi lilikwenda kasi kuliko mimi, na matoleo yalipoanza kupita mbele ya altare, mtu wa benchi la nyuma alinong'ona kwa sauti ya kusikika, "Yamepimwa hayo?" Kanisa zima upande ule likacheka chini kwa chini, dada yangu akiwamo. Lakini mama alikaa Misa yote, muda wa masaa matatu na nusu, akatoka mara mbili kwenda kwenye tela na kurudi kichwa juu, na baraka ya kwanza ya padre mpya, ile ambayo watu walikuwa wamepanga foleni kuipata, aliipokea yeye.

Kwa hiyo aibu yangu naikubali, na tangu siku ile siandiki uzito wa gunia ambalo sijaliona juu ya mizani, hata kama limeletwa na mama mkwe. Kila Jumapili baada ya Misa huwa naenda kwenye uwanja wa mpira, nafunga tela, na kufanya zoezi la kurudi nyuma. Bado naligonga goli la upande wa kaskazini. Lakini mtu akinipungia mkono nipite bila kupimwa, nitaingia tena.