Gololi ya Mzee Tasilo

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka mikono yangu hutulia yenyewe, hata kama ilikuwa na haraka ya namna gani. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimerudi Songea kutoka kuzurura, begi halijafunguliwa, na tayari nilishakata shauri kwamba Jumatatu naondoka tena kwenda Mbeya. Ndivyo nilivyo. Hata haya nakuandikia nikiwa kwenye chumba cha kupanga Bombambili, viatu viko mlangoni.

Wakati huo nilikuwa kibarua wa Mzee Tasilo, fundi wa malori aliyestaafu, aliyekuwa akijenga ndege uani kwake Ruhuwiko. Ndege ya kweli, mwanangu, ya viti viwili, ya mbao nyembamba na kitambaa kilichopakwa rangi mpaka ukikigonga kinalia kama ngoma. Miaka tisa alikuwa akifuata michoro yake, kipande kwa kipande. Siku ya kwanza nilipoiona imesimama kati ya banda la nguruwe na kamba ya kuanikia nguo, nilisahau hata kumwamkia mwenye nyumba.

"Mzee Tasilo," jirani mmoja alizoea kumtania akipita na baiskeli, "hiyo ikigoma kuruka tuifungie trela, ibebe mahindi!"

"Lete mahindi yako, ndugu yangu. Ila ujue yatafika kabla yako."

Kazi yangu ilikuwa mipira ya breki. Gurudumu la ndege hupanda na kushuka kwa mitikisiko ya ardhi, kwa hiyo bomba gumu la oili ya breki likifika karibu na gurudumu lingekatika. Kipande cha mwisho lazima kiwe mpira unaopinda. Ni mwembamba kuliko kidole, na nje umesukwa nyaya za chuma. Unafunga selotepu kwa nguvu pale utakapokata ili nyaya zisifumuke, unakata kwa msumeno wa meno madogo, kisha unakaza kichwa cha chuma kila upande, ukipaka oili, taratibu. Ukiharakisha, kile chuma hukwangua mpira kwa ndani na kuacha ulimi mdogo usioonekana kwa nje.

Kwa ajili ya ulimi huo Mzee alikuwa na desturi yake. Alichukua gololi ndogo ya pedali ya baiskeli, akaitumbukiza upande mmoja, akaipokea kiganjani upande wa pili. Kisha akaugeuza mpira na kurudia. "Huku na huku," alisema. "Ukifanya huku tu, hujafanya."

Mpira wa kushoto niliupima huku na huku. Wa kulia niliumaliza wakati rafiki yangu ananisubiri mtaa wa Mfaranyaki tupange safari. Gololi ilipita mara moja, nikaona inatosha.

"Huku na huku?" Mzee akauliza.

"Huku na huku, Mzee."

Uongo wa maneno matatu, mwanangu. Sijawahi kusema mwingine mzito kama huo.

Jumamosi asubuhi tuliisukuma ndege hadi kwenye uwanja wa nyasi aliokodi nje ya mji, ili aikimbize chini tu kwanza. Mkewe, Mama Yustina, alisimama pembeni na rozari yake. Injini ikawaka, ndege ikakimbia, Mzee akakanyaga breki, akaachia. Gurudumu la kushoto likaachia. La kulia likang'ang'ania. Ndege ikazunguka ghafla kama ng'ombe aliyefungwa mguu mmoja, na bawa la kushoto likafagia mahali aliposimama Mama Yustina. Kama asingejitupa chini, nisingekuwa na haya ya kukuandikia.

Mzee alizima injini, akamwinua mkewe, kisha akaufungua mpira wa kulia. Akatumbukiza gololi. Ikapita. Akaugeuza. Ikakwama. Ule ulimi uliruhusu oili ya breki kwenda kwenye gurudumu, ukaizuia kurudi.

"Mzee," nikasema, "niliupima upande mmoja tu."

Aliyejibu ni Mama Yustina, akikung'uta nyasi kwenye kitenge. "Kwa hiyo, mwanangu, ungeniua kwa sababu unawahi Mbeya?"

"Mbeya ipo," Mzee akasema. "Kata mpira mwingine. Ukimaliza, kiti cha pili ni chako. Anayefunga mpira huu, leo anaukalia."

Niliufunga mchana mzima. Gololi niliipitisha huku na huku mpaka Mama Yustina akaniambia nitaimaliza kwa kuisugua. Tulifunga, tukatoa upepo uliobaki ndani ya oili, tukaikandamiza pedali ya breki kwa kipande cha mti wakati tunakula ugali. Nikapitisha karatasi kwenye viungo vyote nione kama oili inavuja. Ikatoka kavu.

Jua likiwa bado lipo nikapanda. Tukakimbia, nyasi zikawa mstari, matuta yakatugonga mgongoni. Mara matuta yakakoma. Mwanangu, sijui nikueleze vipi. Kwa pumzi mbili tatu hakuna kilichotugonga, na nilipochungulia nikaona kivuli chetu kiko peke yake kwenye nyasi, kimetuacha. Kisha tukagusa chini. Mzee akakanyaga breki, ndege ikatulia. Akaachia, magurudumu yote mawili yakaachia. Nikalia kama mtoto, wala sikuona haya.

Jumatatu sikwenda Mbeya. Nilikwenda baadaye, na kwingine kwingi, lakini gololi hiyo, aliyonipa Mzee, imo mfukoni mwangu mpaka leo.

Basi nasaha yangu ni hii. Kazi ambayo mwingine ataikalia, ipime kana kwamba utaikalia wewe. Ukiulizwa kama umemaliza na hujamaliza, sema bado. Neno hilo litakuaibisha kwa dakika moja tu. Na ukishakosea, kiri mwenye kazi akiwa bado hajauliza.

Mungu akujalie mikono mitulivu, mwanangu. Kila utakachokifunga kishike kinapotakiwa kushika, na kiachie kinapotakiwa kuachia. Uende salama, na urudi salama.