Barua ya Kwenye Sari

Jamani, mnanilalamikia kwamba siku hizi sina umbea wa maana, mkiniuliza harusi ilikuwaje nasema watu walikula, wakacheza, wakaondoka, mnadhani nawabania. Leo nawaambia sababu, na mkitaka kucheka chekeni, maana aibu yenyewe niliipata mchana kweupe mbele ya wazee thelathini wa Southall, mtaa wa Wahindi kule Landani, rimoti mkononi, na siku hiyo ardhi ingepasuka ningeingia kwa hiari yangu.

Nilikuwa na mwaka mmoja tu Landani, nalala chumba kimoja na dada wawili wa Kikongo, alfajiri nasafisha ofisi, mchana ejensi ya wasaidizi inanituma kwa wazee. (Nyumbani Tabora walijua nafanya kazi ofisini, na si uongo, ofisini nilikuwemo, na ndoo yangu.) Mmoja wa wazee hao alikuwa Mzee Gurdial, Singasinga mzaliwa wa Nakuru, fundi magari wa miaka mingi, kisukari kilikuwa kimemchukua macho yote mawili. Alishawafukuza wasaidizi watatu kabla yangu. Mkwe wake aliyenifungulia mlango hakuniuliza vyeti wala nini, aliniuliza tu kama najua Kiswahili, maana mzee alisema anataka mtu wa kugombana naye kwa lugha ya gereji.

Basi kazi yangu ikawa chai, dawa, kumkata kucha, na ikifika saa kumi na moja jioni, chaneli ya Kihindi. Hapo hata simu haipokelewi. Kulikuwa na tamthilia moja ya nyumba kubwa yenye mama mkwe, wana watatu na wake zao, wanawake wanaokaanga vitunguu na dhahabu ya kilo nzima shingoni. Mimi Kihindi sijui. Yeye anakijua lakini haoni. Tukagawana: yeye ananiambia wamesema nini, mimi namwambia kinachoonekana, na kwa pamoja tukapata mtazamaji mmoja mzima.

Sasa aliyewahi kutazama zile tamthilia anajua, mtu akishatamka neno baya, dakika tano nzima hakuna anayesema kitu, kamera inakwenda kwenye uso wa huyu, radi inapiga, inakwenda kwenye uso wa yule, radi tena, inarudi kwa yule wa kwanza. Kwa mwenye macho ni utamu. Kwa Mzee Gurdial zilikuwa dakika tano za giza na ngoma, na anaponiuliza, "Sasa kitu gani?" alikuwa hatanii.

Na msidhani ilikuwa burudani tu. Kila Jumatano nilimpeleka kwenye kituo cha wazee, kwenye meza yake na wenzake wa tangu Kenya, na zamani yeye ndiye aliyekuwa bingwa wa ubishi pale. Alipopofuka, wenzake wakawa wema. Wanampisha kiti cha karibu na hita, wanamkorogea sukari, lakini hakuna anayembishia tena, akisema neno wanaitikia tu kama anayebembelezwa. Aliniambia hilo lilimuuma kuliko macho. Jumatano ya kwanza baada ya mimi kuanza kumsimulia, akachangia mjadala wa tamthilia, na Mzee Pritam, rafiki yake wa tangu shule, akamwambia wewe ni mwongo mkubwa. Mzee wangu alirudi nyumbani anaimba.

Haya, ndiyo nije kwenye ujinga wangu. Jumanne moja nimechoka, nilikuwa macho tangu saa tisa ya usiku, na kwenye televisheni ni nyuso. Mzee anauliza, namwambia uso wa mama mkwe. Anauliza, namwambia uso wa mwana mkubwa. Anauliza, namwambia uso wa mama mkwe tena. Akashusha pumzi, akaniambia polepole, "Basi? Uso tu?" Nikamwonea huruma, na nikajionea huruma na mimi, nikasema, "Ngoja, ngoja, amechomoa barua, anaificha kwenye sari."

Mzee akakaa wima. Akaweka kikombe chini. Barua ya nani? Nikasema bado haijaonekana. Ya rangi gani? Ya buluu, nikasema (sijui buluu ilitoka wapi, nadhani ni bahasha za posta za nyumbani). Usiku ule nililala vizuri, nikijihesabu mtu mwenye moyo.

Uongo una njaa, jamani, lazima uulishe. Kesho yake jambo la kwanza ni, "Iko wapi barua?" nikaitoa kwenye sari nikaitia chini ya godoro. Keshokutwa nikaipeleka kwenye pipa la mchele. Wiki ya pili mtumishi akaiona akanyamaza. Mzee naye akawa na nadharia yake, kwamba barua ile inathibitisha mwana mkubwa si wa nyumba ile, na akaipeleka mezani Jumatano, akaitetea kwa ngumi. Na kilichonimaliza ni kwamba wenzake waliingia! Kila mmoja alidhani alikwenda chooni barua ilipoonyeshwa. Mmoja akaapa ameiona, tena akasema ni ya buluu kweli, na mimi nikaanza kujiuliza kama pengine ipo.

Mzee Pritam peke yake ndiye aliyekataa. Alisema hakuna barua, hakujawahi kuwa na barua, na mkewe hurekodi kila siku kwa deki. Wakabishana mpaka chai ikapoa, akasema Jumatano ijayo ataleta mkanda wa siku ile tuutazame wote. Mwisho Mzee Gurdial akasema mtu wake ameiona kwa macho mawili mazima, na kama barua haipo, yeye hatafungua mdomo tena kwenye meza ile mpaka Diwali. Ilikuwa mwezi wa sita, na Diwali, sikukuu yao ya taa, iko mbali miezi mitano.

Nilikuwa na wiki nzima ya kusema kweli. Sikusema. Niliomba mvua, niliomba mgomo wa mabasi, niliomba deki ya Mzee Pritam imeze mkanda. Jumatano ikafika ina jua kali kuliko siku zote za mwaka ule, na Mzee Pritam amekwisha kaa, mkanda mapajani umefungwa kwenye mfuko wa mchele wa basmati.

Habari ilikuwa imeenea. Wazee wa meza zote walisogeza viti, akina mama wa upande wa pili wakaacha kufuma, mpishi akatoka jikoni na mwiko. Mzee Gurdial akakaa mbele kabisa, kilemba kipya cha zambarau, mikono juu ya fimbo, anatabasamu. Mimi nikapewa rimoti nisimame kando ya televisheni ili barua ikitokea nisimamishe.

Uso wa mama mkwe, radi. Uso wa mwana, radi. Nikasema bado. Uso wa mama mkwe. Nikasema mbele kidogo. Picha ikapita, majina ya waigizaji yakaanza kupanda, nikasema nadhani tumepitiliza, nikarudisha nyuma, na kwa haraka zangu nikabonyeza vibaya, mama mkwe akaanza kwenda kinyumenyume kwenye ngazi, watu wakacheka. Nikarudia tena. Mara ya tatu nikasimamisha, nikaweka kidole kwenye mkunjo wa sari nikasema, "Hapa, si mnaona pembe yake?" Mpishi akaja mpaka kwenye kioo, akainama, akatazama, akanitazama mimi, akarudi jikoni. Jasho lilikuwa linanitoka mpaka kwenye magoti. Nikageuka kwa mzee wangu. Tabasamu lilikuwa limeondoka, na nikajua ameshajua.

Akagonga fimbo chini mara moja, akasema kitu kwa Kipunjabi. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, wengine wakimpiga mabegani, na mimi sijui kinachochekwa. Mzee Pritam ndiye aliyenionea huruma akanitafsiria kwa Kiswahili chao cha Nakuru: "Wewe mama usiogope. Yeye nasema alilala kwa kiti, akaota barua, wiki tatu amekusumbua utafute ndoto yake, na wewe kwa heshima yako hukutaka kumwambia."

Nilitaka kusema hapana, ni mimi.  Lakini neno moja la mkwe wake kwa ejensi, kazi ingekwisha, na mzee wangu alilijua hilo kuliko mimi. Akanyoosha mkono nimshike tuondoke.

Tukarudi kwa basi. Tulishuka, tukanunua mboga, tukavuka barabara, tukafika mlangoni, natafuta ufunguo, ndipo akasema.

"Rehema, mimi nasikia kila kitu. Mlango nasikia, bangili nasikia, mtu akilia kwa uongo nasikia. Kitu moja tu sina, na hiyo nilikupa wewe ushike. Kesho kama ni uso tu, sema uso."

Nililia pale pale na mifuko ya mboga mkononi. Nikamwomba radhi, akaniambia chai.

Kiapo chake alikitimiza. Mpaka Diwali alikwenda kila Jumatano, akakaa kwenye meza ile hasemi neno, na Mzee Pritam akimchokoza makusudi ili afungue mdomo. Na mimi kila jioni nikamwambia uso, lakini sasa nikaanza kuutazama kweli: nyusi ya kushoto imepanda, anameza mate, anatazama mlango na si mwanawe. Mzee anauliza, nami najibu, na zile dakika tano zikawa hazitoshi. Diwali ilipopita akarudi kwenye ubishi na miezi mitano ya nyusi, akawashinda wote.

Miaka minne nilikaa naye. Nilipotaka kuingia chuo cha unesi, wakadai barua ya mtu anayenifahamu, na mkwe wake akaipiga chapa mzee akitamka. Kabla ya kutia sahihi akataka asomewe, na akataka nisome mimi. Ilikuwa na mistari sita. Wa mwisho ulisema mwanamke huyu amekuwa macho yangu, na kila alichoniambia nilikiamini. Hapo nikakwama.

"Soma tu," akasema. "Kama ilivyo."

Nikasoma kama ilivyo, sikuongeza hata nukta, na nikamwekea kidole chake mahali pa sahihi. Barua ile ndiyo iliyonivalisha hili gauni la unesi mnaloniona nalo, na yeye amelala kaburini hakuwahi kunidai hata asante, Mungu amrehemu. Kwa hiyo harusini, jamani, watu walikula, wakacheza, wakaondoka. Mkitaka kujua bibi harusi alikuwa na uso gani, hapo niulizeni, nitawaambia mpaka kope.