Mbabula Nyuma ya Mlango Uliofungwa

Mama aliwasha mbabula uani tu. Makaa yakishakolea na moshi kwisha, ndipo jiko hilo la bati liliingia ndani, na hata hapo aliacha mlango wazi kidogo. Baba, karani mzaliwa wa mkoa wa Kasai, alimtania kila msimu wa baridi: "Makala yetu unapashia mupepo?" Kwake yeye, joto la makaa lililotoka nje lilikuwa sawa na chakula kilichomwagwa.

Mkoa wa Katanga ulipojitenga na Kongo, sisi watu wa Kasai tukageuka wageni wa kuwindwa Lubumbashi, mji nilimozaliwa. Ndugu zetu wengi walikimbilia kambi ya wakimbizi. Baba alikataa kuhama. Alifunga mlango na dirisha, akaziba nyufa kwa magunia. Moshi wetu usionekane uani, alisema, ili watu wadhani tumeondoka. Baridi ilipozidi, akaamuru mbabula iwashwe humo humo chumbani.

"Baba ya batoto, makala haiyaiva," mama alisema, moshi ungali ukifuka, akaufungua mlango kidogo.

"Funga. Mupepo inaingia."

Nilimchukia baba siku ile, nasema wazi. Nilikuwa na miaka tisa, kichwa kinaniuma, na mdogo wangu wa kike amelegea mapajani mwangu. Nilidhani amelala. Mama alimwita, akamfinya sikio, kimya. Akambeba hadi mlangoni. Baba alikuwa amesimama pale.

"Toka," mama alimwambia, bila kupaza sauti. Baba akampisha.

Akatoka na mtoto mchana kweupe, mbele ya ua mzima. Mtoto alikohoa, akatapika, mwishowe akalia. Jirani yetu, mke wa fundi wa reli kutoka kaskazini ya Katanga, alikuwa akipepea mbabula yake. Wala hakushtuka.

"Tulijua muko," alisema. "Benye kukimbia, mulango yabo inabakia wazi. Yenu imefungwa, na moshi hakuna."

Majuma yote yale tulijificha mbele ya macho ya watu, nao hawakutuchongea kwa waliotuwinda. Jirani alileta mbabula yake, makaa mekundu tayari, akaitua mlangoni petu. Baba aliipokea kwa mikono miwili. Hakuweza kumtazama mama.

Leo mume wangu hulalamika kwamba namaliza gunia la makaa bure, dirisha wazi na baridi yote hii. Mdogo wangu akija kututembelea, huketi palepale dirishani, nami huongeza makaa.