Mhimili wa Mwisho wa Bi Unga

Maabarani walimwita fundi wa vipimo Mzee Mtetemo, na mkewe, mchanganyaji wa unga wa metali na kauri, wakamwita Bi Unga. Kwa miaka kumi na minane Bi Unga alitandaza tabaka zake: alumini tupu kwanza, kisha kauri kidogo, kisha zaidi, mpaka upande wa pili ukawa karibu kauri yote. Mhimili ukitoka tanurini haukuwa na kiungo cha kubanduka. Mumewe aliubana mwisho mmoja kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mezani, akaugonga kwa nyundo ndogo, akasoma unavyotetema.

"Mimi napika, wewe unagonga tu kama mgeni aliyefungiwa mlango," Bi Unga alikuwa akimtania.

Bi Unga alifariki ghafla, akaacha mhimili mmoja rafuni. Vipimo vya uchanganyaji vilikuwa mikononi mwake tu. Hakuna aliyewahi kumwambia aviandike, na huo ulikuwa uzembe wa wote mle ndani. Mhandisi mkuu akaahidi kwamba mhimili huo ukistahimili, mchanganyiko utaitwa kwa jina la marehemu. Mzee hakutaka kingine duniani.

Asubuhi ya kipimo aliugonga. Ulitetema vizuri ajabu, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Akaning'iniza uzito kwenye ncha, akawasha mashine ya kutikisa. Haikupita dakika, mhimili ukakatika ta!

"Mchanganyiko mbovu," mhandisi akaandika. "Pole sana, mzee wangu."

Mzee aliokota kipande kilichoanguka, akakikwangua rangi nyeusi iliyofunika nyuso zote mbili, kisha akakikwangua kilichobaki jiliwani. Kauri ilikuwa juu! Uzito ukining'inia nchani, upande wa juu ndio huvutwa, na kauri haistahimili kuvutwa; ndiyo maana juu hukaa alumini. Na kugonga kwa nyundo hakuonyeshi kama mhimili umepinduliwa. Siku zote mkewe alimkabidhi mhimili ukiwa umeelekea sawa, naye akaubana bila kutazama. Safari hii aliutoa rafuni mwenyewe. Mazoea yana taabu.

"Futa hayo," alisema. "Andika fundi aliubana juu chini. Kosa ni langu, si lake."

"Watakustaafisha, mzee."

"Andika, mwanangu."

Mhandisi akafuta, akaandika. Kisha akasema kwa upole, "Basi, si neno. Tutatengeneza mwingine, tuupime upya."

"Nani atauchanganya?"

Mzee akakaa sakafuni na vipande vyake, akalia mbele ya wote.